Siku Chakula cha Paka Kilipoleta Rashi Nyumbani Kwangu

Wenzangu, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa suruali na koti. Mchana kweupe. Hapa hapa Turwa, nyumbani kwangu. Naandika bado nina tope magotini, na hilo tope mtalielewa mbele ya safari.

Nianze asubuhi.

Nina paka. (Haya, mmeshaanza. Tulieni.) Anaitwa Mrembo. Jina hilo sikuwahi kulitamka mbele za watu, maana mtaani najulikana kwa mambo mengine: ng'ombe wangu wanne, vikao vya mtaa, na sauti yangu ambayo ikitoka hata mbwa wa jirani wanakaa chini. Mbele za watu namuita "huyu mnyama". Majina mengine ni ya ndani.

Mrembo amenenepa vibaya. Tumbo linaburuzika, manyoya yamefifia, panya wanapita mbele yake taratibu kabisa. Kosa ni langu. Ugali asubuhi, ugali jioni, na mchuzi wa dagaa kidogo. Binti yangu Ghati, anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii kule Robanda, akanigombeza kwenye simu: "Baba, paka ni mla nyama! Huyo unamlisha kama watu wa msibani!" Juzi akatuma mfuko kwa basi. Chakula kikavu cha paka wakubwa, punje ndogo za kahawia. Kimeandikwa protini nyingi, nafaka hakuna hata chembe.

Sasa mimi maandishi ya mfuko siyaamini. Kuna wakati nilinunua dagaa wa kulisha kuku, wakasema safi, kumbe nusu mchanga. Wale kuku walitaga kwa imani tu. Kwa hiyo nikavaa miwani, nikasoma nyuma ya mfuko. Cha kwanza, nyama ya kuku iliyokaushwa. Sawa. Cha pili, njegere. Cha tatu, viazi. Nikaishia hapo. Wametoa mahindi, wameingiza njegere na viazi, halafu wanajisifu hakuna nafaka! Huyo si ni mtu aliyeacha bia akahamia gongo? Na njegere nazo zina protini yake. Hiyo protini iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele, ya kuku ni ipi na ya njegere ni ipi? Mfuko uko kimya.

Nikaamua kupima mwenyewe.

Ujana wangu niliumalizia maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, mpaka goti likakataa. Kule jiwe haliaminiwi kwa sura. Unalitwanga, unaliosha kwenye karai, chepesi kinaondoka na maji, kizito kinabaki chini, ndipo unajua umeshika nini. Nikajiuliza, kwani punje hizi zina ujanja gani kulishinda jiwe?

Mke wangu, Mama Ghati, alishaondoka alfajiri kwenda Sirari kutafuta kitambaa cheupe. Jumapili mjukuu wetu anabatizwa. Wageni wanatoka hata ng'ambo ya mpaka kwa dada zake Mama Ghati, na mboga ya wageni ni mgagani alioupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, matuta kumi, kila jioni anaumwagilia kwa kopo. Akiwa mlangoni aliniambia, "Baba Ghati, nikirudi nikute matuta yangu kumi. Kumi."

Nikamjibu, "Kwani yana miguu?" (Jibu hilo litunzeni.)

Nikapalilia tuta la mwisho ili nionekane mume mwema. Halafu nikachukua kinu chake cha karanga. (Hana bando wiki hii, hataisoma hii.) Nikatwanga kiganja kizima cha punje, nikamimina kwenye karai, nikaongeza maji, nikachuchumaa karibu na mgagani na kuanza kuzungusha polepole kama zamani. Mikono haisahau, jamani! Juu yakaelea mafuta ya manjano, jua likayapiga, yakametameta. Maganda ya njegere yakafuata. Chini ukabaki unga mzito wa mifupa na vinyuzi vya nyama. Nyama ipo, tena kuliko nilivyotegemea. Mchanga, hakuna. Nikatabasamu peke yangu kama chizi. Nilifurahi kwa sababu huyu mnyama nampenda. Nimeshasema.

"Shikamoo mzee!"

Nikaruka. Ni Mwita, jirani yangu, kichwa kimechomoza juu ya ua wa minyaa.

Sasa muelewe wiki yenyewe ilivyo. Kijiji kimoja si mbali na hapa, mama mmoja alikuwa anachimba viazi, akaokota jiwe linalong'aa. Kukawa rashi ya dhahabu! Watu wamehamia huko na magodoro. Tangu siku hiyo ukiinama Tarime hii kufunga kamba ya kiatu, watu watano wanainama na wewe. Mwita alirudi kutoka huko jana, mikono mitupu, macho mekundu.

"Marahaba," nikasema. Kwa aibu nikafunika karai kwa kofia. Mfuko wenye picha ya paka nikausukumia ndani ya koti. Mwanaume mzima, Mkurya, nionekane natwangia paka chakula? Bora nife.

"Unaosha nini, mzee?"

"Hakuna kitu."

"Na hiyo iliyokuwa inang'aa?"

"Hakuna kitu, nimesema."

"Umeitoa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani, mura. Kwani wewe leo huna kazi?"

Mwita akatazama kofia. Akatazama kinu. Akatazama tuta nililolipalilia, udongo bado mbichi. Akameza mate. "Mungu ni mwema, mzee," akasema, na akaondoka kwa ule mwendo wa mtu anayekimbia huku anajidai anatembea.

Nikapumua. Nikajipongeza kabisa kwamba siri yangu imesalimika. (Cheka, Baba Ghati, cheka.)

Niliingia ndani kulificha karai na kusugua kinu kwa majivu, harufu ya nyama iishe kabla mwenyewe hajarudi. Haikupita nusu saa nikasikia pikipiki. Nyingine. Nyingine tena. Halafu sauti ninayoijua tangu ujana: sururu ikiingia ardhini. Tii! Tii!

Nikatoka mbio na kinu mkononi. Uani kwangu kulikuwa na wanaume kumi na saba. Nimewahesabu, maana walikuwa wamepanga foleni kunisalimia. Mmoja ameshafunga kamba kuzunguka tuta la tatu, "hapa kwangu". Na mama mmoja wa chapati ameshawasha jiko pembeni ya banda la ng'ombe. Huyo sijui aliambiwa na nani. Hao huwa wanafika kabla ya dhahabu yenyewe.

"Mzee, usihofu," Mwita akasema, ameshavua shati. "Mwenye eneo fungu lako lipo. Hatuwezi kukudhulumu, wewe ni mzazi wetu."

Wakaniletea kiti. Kiti changu mwenyewe, kutoka sebuleni kwangu! Mmoja akaniita mkurugenzi. Mwingine akanipa chai na chapati ya moto.

Nikakaa.

Ndugu zangu, ningeweza kuwaficha hapa, lakini sitaki kuongeza dhambi juu ya aibu. Nilikaa. Niliinywa ile chai. Goti langu tangu liniangushe, ni nani tena aliyeniita mkurugenzi? Nikawa naitikia kwa kichwa tu, "endeleeni, endeleeni kidogo," nikijiambia wakikosa wataondoka wenyewe, na habari ya paka itabaki ndani ya koti. Tuta la kwanza likaondoka nikiwa natafuna. La pili likaondoka nikiwa namalizia kikombe. Wakati naomba sukari, la tatu halipo.

Lilipoanguka la nne, mizizi ya mgagani ikitazama juu, nikasikia masikioni, "Kumi." Chapati ikagoma kushuka.

"Simameni!" Ile sauti yangu ikatoka. Wakasimama wote.

"Mzee anataka fungu liongezwe," mmoja akanong'ona.

"Sitaki fungu! Dhahabu hakuna. Ile niliyokuwa naosha..." Nikashikilia koti. "Ile ni chakula cha paka."

Wakacheka, lakini kile kicheko cha kukudharau kwa heshima.

"Mzee anatuona watoto," Mwita akasema. "Paka gani wa kutwangiwa kwenye kinu?"

Nikachomoa mfuko kutoka kwenye koti. Huu hapa! Picha ya paka hii hapa! Njegere, viazi, kuku, someni!

Mwita hata hakuugusa. "Mfuko tu huo. Mimi mwenyewe dhahabu yangu nilikuwa naificha kwenye mfuko wa sabuni." Wenzake wakakubali, ni kweli, kila mtu na mfuko wake. Nikaona huyu jamaa wa tuta la tano anatemea mate viganja na kunyanyua sururu.

"Subiri!" nikasema. "Nikimuita paka akala, mtaamini?"

Wakatazamana. "Muite," Mwita akasema. "Akila, tunaondoka."

Mrembo alikuwa juu ya paa la jiko anaota jua. Nikasimama wima, nikaita kiume. "Wewe paka! Shuka hapa!"

Akageuza uso upande wa pili.

"Paka! Njoo!"

Akalamba mguu.

"Unaona?" Mwita akawaambia wenzake. "Hata paka mwenyewe anashangaa." Sururu ikapanda juu tena.

Sasa Mrembo haji kwa sauti hiyo. Haijui. Anakuja kwa sauti moja tu, na sauti hiyo haijawahi kutoka nje ya kuta zangu. Nikatazama matuta sita yaliyobaki. Nikamuwaza mjukuu, na wageni wa ng'ambo wakila wali mkavu. Nikalitoa karai ndani, nikapiga magoti kwenye tope, karai mbele yangu, nikafumba macho.

"Mreeembo," nikaita, ile nyembamba ya puani. "Mrembo wa baba. Njoo mama. Njoo kidogo mwanangu, njoo ule nyama yako. Nani mzuri kama Mrembo? Hakuna. Hakuna kabisaaa."

Mkia ukasimama. Akashuka, tumbo hilo linaburuzika, akapita katikati ya miguu ya wanaume kumi na saba, akaingiza kichwa kwenye karai. Akalamba mafuta. Akalamba unga wa mifupa. Akalamba rashi yote mpaka chini, karai likalia. Maganda ya njegere aliyaacha pembeni, na hapo swali langu la asubuhi likapata jibu.

Walichekaje! Wa tuta la tatu alikalia shimo lake mwenyewe hakuweza kuinuka. Mama wa chapati alijifunika kanga usoni. Mwita alishikilia ua wa minyaa analia machozi, "Mrembo wa baba! Jamani, mzee wa kikao!"

Nikasikia sauti nyuma yangu, kutoka getini.

"Baba Ghati."

Mama Ghati. Kitambaa cheupe kwapani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini, lakini uso wake ulisema tangu "Mreeembo".

"Naam," nikaitika, bado nimepiga magoti.

"Miaka ishirini na sita," akasema polepole. "Hujawahi kuniita hivyo hata siku moja."

Hapo sasa ndipo walipokufa kabisa. Mmoja alilala chini, kweli alilala.

Kisha akatazama bustani yake, na kicheko kikakatika chenyewe. Akahesabu kwa kidole. "Sita," akasema. "Kumbe yana miguu."

Hakupiga kelele. Alifunga geti, akasimama mbele yake. Kumi na saba wote, na sururu zao, hakuna aliyethubutu kumpita. Mashimo yale manne yakatiwa samadi ya ng'ombe wangu, yakapandwa migomba niliyoahidi kuipanda tangu mwaka jana. Kila mmoja akaapa kuleta fungu la mboga kutoka kwao Jumamosi jioni, na wameshajialika wenyewe ubatizoni. Ghati nimempigia, amecheka mpaka simu ikakatika. Kwa ufupi kwenye rashi hii aliyepata dhahabu ni mmoja, mama wa chapati, na ameondoka bila hata kuniaga.

Jioni hii mambo yametulia. Mama Ghati ameniwekea chai, ameniita "Mrembo wa mama" huku akiniangalia kwa jicho la pembeni. Nimempimia Mrembo nusu kiganja cha punje zake, na bakuli la maji karibu, maana kitu kikavu kinataka maji. Chakula ni kizuri, Ghati alikuwa sahihi. Wenye swali kuhusu njegere wamuulize paka.

Dakika hii Mwita anapita barabarani na wenzake. "Baba Mrembo, lala salama!" Nimeitikia. Nifanyeje?

Na nyie nawaomba, mkicheka chekeni polepole. Mwenyewe kalala kwenye lile goti langu bovu, sitaki aamke.