Kuhusu Mama Mkwe Wangu Mliyemweka Chumba cha Nne

Kwa Mkuu wa Nyumba ya Maisha ya Kale,

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu, na pole na kazi ya kutunza mambo ya wahenga. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa mtaa wa nyuma yenu, ule wenye kamba nyingi za kuanikia nguo. Huenda hunifahamu, lakini mama mkwe wangu unamfahamu vizuri. Ndiye yule bibi mnayemkalisha kwenye kigoda Chumba cha Nne, "Malezi ya Zamani", akiwa amempakata mwanasesere wa mti na kumbembeleza mbele ya wageni, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni.

Naandika kwa heshima zote kukuomba umrudishe.

Langoni kwenu mmeandika kwa rangi ya manjano kwamba ya kale ni dhahabu. Sikatai. Ila dhahabu hiyo, kabla hamjaichukua, ilikuwa sebuleni kwangu, na ilikuwa inafanya kazi. Kila siku saa nane mchana mama mkwe alikuwa akimpokea mjukuu wake mikononi mwangu, akinisukuma chumbani na kuniambia nilale. Nilikuwa nalala kwa saa moja. Saa moja tu, Mheshimiwa, lakini ndiyo iliyonifanya niwe binadamu kwa zile ishirini na tatu zilizobaki. Sasa saa yangu mnaionyesha kwa tiketi.

Mtoto mwenyewe ana miezi mitano. Tunamwita Meneja, kwa sababu huitisha kikao wakati wowote na hapokei udhuru. Malalamiko yangu ni haya.

1. Yule mwanasesere halii, hatapiki, wala hajawahi kuchafua nepi tangu achongwe. Wageni wanatoka wakiamini watoto wa zamani walikuwa watulivu, kisha wakipita mtaani kwetu na kumsikia Meneja, wananitazama mimi. Huko ni kupotosha historia. Tena anabembelezwa kutwa nzima asiye na shida yoyote, na mwenye shida yuko hatua mia mbili kutoka hapo.

2. Mama mkwe akirudi nyumbani hafanyi tena mambo ya kale. Anavua shuka ya kazini, anaitundika, ananyoosha miguu juu ya stuli na kuulizia rimoti. Nikimsogezea Meneja ananiambia kwa upole, "Mwanangu, nimebembeleza tangu asubuhi. Hata seremala akifika kwake harandi meza ya kulia." Nimetafuta jibu la maneno hayo wiki tatu sasa. Kama ofisi yako inalo, naomba nakala.

3. Wimbo wa kubembelezea mliouandika ukutani na kuufunika kwa kioo si wa taifa zima, ni wa nyumba yetu. Mama mkwe aliutunga mwenyewe ili kumlaza mume wangu, ambaye alizaliwa na kichwa kikubwa, na wimbo unakitaja. Nasikia mwongozaji wenu anawaeleza wageni kwamba kichwa hicho ni ishara ya mavuno. Si ishara ya kitu chochote. Ni kichwa, kipo, na kinakula hapa kwangu kila siku. Nikiuimba mimi, Meneja ananikodolea macho kama karani aliyeletewa kivuli cha cheti wakati aliagiza cheti chenyewe.

4. Pasi ya mkaa. Kila akipumzika kubembeleza, mama mkwe ananyoosha shati moja lile lile ili wageni waone, na shati hilo sasa lina makunyanzi machache kuliko uso wangu. Mume wangu, ambaye siku hizi anakwenda kazini kama mtu aliyelalia nguo zake, Jumamosi alikata tiketi, akaingia na mashati matatu kwenye mfuko na kujipanga mbele ya mama yake. Mlinzi akamwambia vitu vya maonyesho haviguswi. Akajitetea kwamba yule ni mama yake mzazi. Mlinzi akamjibu kuwa wote husema hivyo wakifika chumba kile, na akamwonyesha mlango.

5. Hili ndilo linaloniuma. Darasa la binti yetu lililetwa kwenu kujifunza. Mwalimu akauliza nani anamjua aliyekaa kwenye kigoda. Binti akanyoosha mkono, akasema ni bibi. Mwalimu akampongeza na kumsahihisha kidogo tu, kwamba ni bibi wa zamani. Jioni wakapewa kazi ya nyumbani: taja jambo moja walilofanya watu wa kale ambalo leo halipo tena. Wenzake, nasikia, waliandika kusaga kwa jiwe na kusomea taa ya mafuta. Wangu aliandika, "Bibi kumbeba mtoto wetu." Alipata alama zote. Nimeliweka daftari juu ya kabati, sijui nilifanye nini.

6. Kile kitanda nyuma ya kamba, humo humo Chumba cha Nne. Mmekitandika shuka nyeupe na mto wa pamba, na kibao kinasema hapo alipumzika mama mzazi huku ndugu wakimlea mtoto. Nimesimama mbele ya kitanda hicho muda mrefu kuliko mgeni yeyote aliyewahi kufika. Kigoda kina bibi, kabati lina vikombe, jiko lina masizi, ila kitanda hakina mtu. Mama wa zamani alikuwa wapi? Kama alikuwa uani akifua nepi, semeni tu, tujue moja.

Sikuja kulalamika bila suluhisho. La kwanza, mama mkwe arudi nyumbani, hata kama ni kuanzia saa nane hadi saa tisa, na nafasi yake ishikwe na picha. Likishindikana, mwondoeni mwanasesere mumweke Meneja. Ana sauti halisi, hahitaji kufutwa vumbi, na harufu yake ni ya enzi zote. Akikua nitawaletea mwingine. Hapana, hilo la mwisho nimelikata, nilikuwa nasinzia.

Hilo nalo likishindikana, basi itangazeni nyumba yangu kuwa tawi lenu. Nitafunga kamba mlangoni mwenyewe. Pataitwa Chumba cha Tano, "Mama wa Sasa". Wageni watamwona akila kwa mkono mmoja huku amesimama, akitafuta simu aliyoishika, akitikisa mkoba wa sokoni alioupakata akidhani ni mtoto. Na kwangu vitu vinaguswa. Anayegusa nepi aondoke nayo.

Nakupa siku saba, kwa upendo. Zikipita bila jibu nitakuja na Meneja saa ya kikao chake, nisimame naye katikati ya Chumba cha Nne mpaka muisikie historia.

Asante kwa kusoma mpaka hapa, mimi mwenyewe nimeishia njiani mara mbili. Nisalimie mwongozaji, nisalimie mlinzi na umwambie yule kweli ni mama yake, nisalimie karani wako na wote wanaofuta vumbi. Mwanasesere simsalimu.

Mimi mwenye macho mekundu na adabu kamili,

Mama Meneja,
nyumba yenye kamba tatu za nepi

Tanbihi, siku ya pili yake. Nilikuja kuileta barua hii kwa mkono wangu. Karani akasema uko kikaoni, nisubiri. Meneja naye akafungua kikao chake, na sauti ikavuka vyumba vitatu. Nilipoingia Chumba cha Nne, mama mkwe alikuwa ameshamlaza mwanasesere sakafuni kifudifudi. Mbele ya wageni wote akanyoosha mikono akasema, "Mlete mjukuu wangu. Na wewe jilaze hapo."

Nikavuka kamba. Nilikusudia kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja, niandike lalamiko la saba.

Niliamshwa na kengele ya kufunga. Meneja alikuwa amelala kifuani kwa bibi yake, chini ya wimbo wa kichwa cha baba yake, na mimi kuna mtu alinifunika miguu kwa shuka ya maonyesho. Mwongozaji anasema wageni walipita wakinyata, na alipowanong'oneza kuwa huyu ni mama wa zamani, ameachwa alale, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliomba kurudia chumba hicho mara ya pili.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote sita yafutwe. Mama mkwe abaki hapo hapo. Mume wangu atapiga pasi mwenyewe, mikono anayo, na kichwa kinamtosha. Binti yangu nitamwambia asahihishe jibu lake, hata kama atapoteza alama.

Ninachouliza sasa ni kama kitanda kile kimeshapata mtu. Naweza kuripoti kila siku saa nane kamili, na mtoto nakuja naye. Sikoromi, labda historia ikihitaji.