Wingu la Mkia wa Nge na Taa ya Baba Mdogo

Jumatano, 10 Julai 1996. Manyoni.

Leo nimeanza rasmi kuwa mtu maarufu. Bruda Urbano wa misheni, yule fundi wa pampu, kanikabidhi kamera yake ya Zenit. Anasema juu ya mkia wa Nge, zile nyota zilizopinda kama ndoano, kuna wingu jekundu ambalo jicho halilioni. Filamu ukiiacha wazi dakika nyingi, inaliona. Kanipa na kioo chekundu cha kuvisha lenzi: kinazuia taa za mji, wekundu wa wingu unapita. Nikileta picha moja tu ya wingu kabla mwezi haujaisha, kamera ni yangu. Nisipoleta, anamuuzia Philipo wa studio.

Philipo! Mtu anayepiga watu picha mbele ya ndege iliyochorwa ukutani! Afadhali iliwe na mchwa.

Nyota zinatembea, kwa hiyo kamera lazima izifuate. Bruda kanichorea: mbao mbili, bawaba, skrubu ya kuzungusha kidogo kidogo. Bawaba nimeipata. Mlango wa kabati la mama haukuwa na kazi ya maana.

Alhamisi, 11 Julai.

Mama ana maoni mengine kuhusu mlango. Paka kala dagaa wote. Nikamweleza kwamba sayansi ina gharama zake. Kaniambia basi nikale hiyo sayansi. Nalala njaa.

Ijumaa, 12 Julai.

Saa mbili usiku nimetega kamera uani. Ghafla mwanga! Philipo kafunga taa juu ya paa la studio, kubwa kama sufuria la msibani, jenereta inanguruma. Eti siku hizi ni biashara huria, mteja wa usiku naye ni mteja. Kioo cha Bruda kimejitahidi, lakini taa ile haina adabu.

Nimeenda kumwomba aizime nusu saa tu. Shikamoo nimempa, ingawa kanizidi miaka sita. Akajibu, marahaba, mheshimiwa wa mawingu, leta kwanza dizeli. Wateja wakacheka sana. Walikuwa wawili, na mmoja ni shemeji yake.

Jumapili, 14 Julai.

Nahamia nje ya mji, kule reli inakoingia porini. Ila nitahitaji taa ya kuonea skrubu. Bruda alisema taa nyeupe inaua macho ya usiku, nyekundu haidhuru. Sasa, baba mdogo Christopher ni mtu wa reli. Ana taa ya mkono ya kazini. Ukizungusha kioo inatoa nyeupe, kijani au nyekundu. Yuko likizo hadi Jumatano. Taa ya kazi inafanya nini chini ya kitanda cha mtu aliye likizo? Nimeiazima. Yeye hajajua bado kwamba kaniazima.

Jumatatu, 15 Julai. Usiku. Naandika kwa hasira.

Hakuna mwezi. Upepo wa kipupwe unakata masikio. Nikakaa kwenye tuta la reli, kwa kuwa pale vichaka havizuii anga. Taa nyekundu nikaiweka juu ya kokoto. Skrubu ikazunguka. Picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne!

Ndipo treni ya abiria ikatokea upande wa Dodoma. Ikapiga honi. Ikafunga breki, cheche tupu. Ikasimama mbele yangu! Taa yake yote usoni mwa kamera. Picha ya tano, kwaheri.

Dereva akashuka mbio akiuliza reli imeng'oka wapi. Nikamwambia reli ni nzima, ila kama hatajali, azime taa yake, kuna wingu. Akaniuliza kama nina akili. Nikamjibu nimefika kidato cha pili. Abiria nao wakateremka wakidhani ni stesheni. Mama mmoja akanishika bega: we kijana, kuku wa kukaanga wako wapi hapa?

Eti taa nyekundu kwenye reli maana yake simama. Ile ilikuwa ya sayansi! Dereva wa maana angeuliza kwanza.

Jumatano, 17 Julai.

Baba mdogo kaitwa stesheni. Kaambiwa aandike barua ya kujieleza, ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kazi. Hakunipiga. Alikaa akiitazama karatasi, akaniuliza kwa upole aandike nini. Nikamwambia aandike ukweli: taa ilifanya kazi vizuri sana.

Ndipo akanipiga.

Ijumaa, 19 Julai.

Picha nne zimo ndani ya kamera! Bruda kanipa dawa za kusafishia, kasema nimpelekee Philipo, ndiye pekee mwenye chumba cha giza. Nimpelekee adui wingu langu? Niliwahi kumchungulia akisafisha picha. Siri yake yote ni taa nyekundu tu.

Taa nyekundu ninayo, baba mdogo bado hajaidai.

Nimejifungia stoo ya mama, blanketi mlangoni. Nimeitoa filamu, nimeitandaza, nimeisogeza karibu kabisa na taa nione kama wingu limeshaanza kujitokeza. Kisha dawa. Imetoka nyeusi tii kama kaniki, mwanzo hadi mwisho.

Dawa za Bruda zimechacha!

Jumamosi, 20 Julai.

Bruda aliiinua filamu juani, akaniuliza nilitumia taa gani. Nikasema nyekundu, kama Philipo. Akaketi juu ya pampu.

Akasema taa ya Philipo ni ya kusafishia karatasi ya picha, na karatasi ile haioni wekundu. Lakini filamu hii kazi yake ilikuwa kuona wekundu ambao jicho langu haliuoni. Nami nikaifungua mbele ya taa nyekundu.

Imeiona, akasema. Imeiona vizuri mno.

Kwa hiyo kosa ni la Bruda. Angesema mapema.

Jumatano, 31 Julai.

Kamera imekwenda. Philipo kapita mbele ya ua wetu nayo shingoni, mara mbili. Mara ya tatu akasimama, akashusha sauti: kule kwenye giza zuri ni wapi? Kumbe naye analitaka wingu! Nikimwonyesha mahali na kumshikia taa, ataniachia nibonyeze mara moja.

Nimejikausha kidogo, kisha nimekubali. Ni tuta lile lile, limeshajaribiwa. Na asihangaike na taa, nimemwambia, ninayo inayofaa.

Baba mdogo ameifungia sandukuni, ufunguo kauvaa shingoni. Lakini baba mdogo hulala fofofo.