Ombi la Kumwondoa Bwana Harusi Kwenye Bajeti ya Harusi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Harusi, ambaye pia ni Baba Mkubwa wangu,

Shikamoo. Naandika kwa heshima zote, na barua hii nimeirudia mara nne ili lisiwemo neno la kukuudhi. Likipatikana, ni la kalamu, si langu.

Utakumbuka mimi na mchumba wangu tulikuja kwako na karatasi moja. Tuliomba wageni thelathini, chakula cha mchana, na muziki wa redio ya shangazi. Ulitusifu, ukasema, "Laiti vijana wote wangekuwa hivi!" Kisha ukaunda kamati ya watu kumi na tisa ya kusimamia kubana matumizi. Sasa wageni ni mia nne na kumi. Mchumba wangu, ambaye ni fundi cherehani na hupima kabla ya kukata, amenipa hadi Jumamosi nikuambie hapana. "Ukishindwa kumwambia baba yako mkubwa neno moja," kasema, "mbele ya watu utaniambiaje ndiyo?" Nikaenda kutafuta kalamu.

Malalamiko yangu, bila kumlaumu mtu, ni haya:

1. Kamati ya kubana matumizi hukutana kila Jumapili sebuleni kwa mama, na haijawahi kuondoka na njaa. Kikao cha tatu kilijadili kupunguza soda za harusini, na hadi kinafungwa kilikuwa kimemaliza kreti mbili. Mama anasema tukichelewa mwezi mmoja zaidi, itabidi kamati nayo iundiwe kamati.

2. Mliamua magari yapunguzwe, libaki moja. Uamuzi mzuri sana. Lakini gari moja halikuitosha kamati, ndipo likakodiwa basi. Na kwa kuwa basi lina viti sitini, ilionekana ni ubadhirifu kuacha viti arobaini na kimoja vitupu. Viti vikatafutiwa watu.

3. Niliporuhusiwa kusema, kwenye "mengineyo", niliomba tupunguze majina. Binamu muuza viatu akadakia, "Haya, tumfute nani? Taja, bwana harusi, tuandike!" Wote mkanigeukia. Nikamtazama mke wa jirani, ambaye simfahamu vizuri. Naye akanitazama. Nikasema labda tuongeze turubai.

4. Kuhusu turubai sina malalamiko, kwa sababu nilisema mimi.

5. Nimeipitia orodha nzima kama tunavyopitia majalada masjalani, nikitafuta mtu anayeweza kufutwa bila kununa. Shangazi atanuna. Mkuu wangu wa kazi atanuna, nami nitahamishiwa chumba cha majalada ya zamani, ambako hata mende wamestaafu. Yule mzee aliyekufundisha wewe baiskeli atanuna, na kwa umri wake hatapata muda wa kutosha wa kutusamehe. Katika watu wote hao nimempata mmoja tu ambaye akifutwa hatasema kitu, maana tangu tuanze vikao hajasema kitu kilichosikika, ila turubai. Ni mimi.

Kwa hiyo naomba rasmi bwana harusi aondolewe kwenye bajeti. Suti itaokolewa, na viatu pia. Msimamizi wangu hatakuwa na wa kumsimamia, atarudi kuwa mgeni wa kawaida. Hotuba yangu, mliyoipa dakika mbili, apewe Binamu aongezee kwenye ishirini zake. Sidhani kama pengo litaonekana. Siku ya mazoezi ya kuingia ukumbini nilichelewa nusu saa, nikawakuta mmeshaingia, mmeshakaa, na mnapiga makofi.

Kamati itakuwa imebana matumizi kwa mara ya kwanza tangu iundwe, na hilo litakuletea sifa wewe kama mwenyekiti.

Nisalimie Mama Mkubwa, wajumbe wote kwa vyeo vyao, wapishi, na yeyote aliyeongezwa wakati naandika.

Ni mimi mwanao nisiyetaka ugomvi,

Karani wa Masjala
(Bwana harusi, kwa sasa)

N.B. Mchumba wangu ameisoma barua hii kabla sijaifunga bahasha. Amelikubali ombi. Anauliza tu kama kamati itamtafutia bwana harusi mwingine, au atafute mwenyewe. Hacheki. Amesimama mlangoni, mkoba begani, na Jumamosi yenyewe ndiyo leo.

Kwa hiyo naomba usahau yote niliyoandika hapo juu, isipokuwa shikamoo. Baba Mkubwa, hapana. Wageni ni thelathini, na wewe ndiye wa kwanza. Hao wengine nitawaambia mwenyewe, nyumba hadi nyumba, hata kama itabidi nitimue mbio baada ya kila mlango.

Mchumba wangu ameutua mkoba.