Fundi Mapaa na Beseni la Povu

Gazeti la jana ndilo lililoleta yote haya. Pale kwenye duka la chai la Povu gazeti la leo husomwa kwanza na mkewe, Mama Mumtaj, akiwa kaunta, sisi hulipata kesho yake likiwa na doa la kari. Mwalimu Ramani alilikunjua, akashusha miwani puani, akasoma kwa ile sauti aliyofundishia jiografia mpaka akastaafu na wanafunzi wake wakapata usingizi mzuri.

"'Kikundi cha wafanyabiashara kinachokutana kila Jumatano kwa kifungua kinywa katika hoteli ya kando ya ziwa hapa Taiping kimepeana kazi za mamilioni ya ringgit kwa mwaka mmoja tu.'"

"Kwa kula mayai?" akauliza Bima.

"Kwa kula mayai na kujuana."

"Acha zako, Mwalimu. Sisi hapa tunajuana mpaka saizi za viatu. Mbona hatujapeana hata kazi ya kufagia?"

"Kwa sababu hatuvai tai."

Huyu Bima jina lake la kweli ni Kathiravan, wakala wa bima, na ana kisa na kile kikundi. Aliomba kuingia, wakamwambia kila kazi ina kiti kimoja tu, na kiti cha bima ameshakikalia binamu yake. Tangu hapo ni sizitaki mbichi hizi, asubuhi na jioni.

"Wanasimama mmoja mmoja," akaendelea, mdomo umemkunjika. "Dakika moja ya kujisifu, kengele inalia, unakaa. Eti mimi nakupa mteja, wewe unanipa mteja. Nipe nikupe. Babu zetu walifanya hayo kwenye harusi, bure, na wali juu."

"Mkono mtupu haulambwi," akasema Mwalimu Ramani.

"Basi walambe mayai yao."

Niseme kidogo juu ya meza yetu, maana ndiyo kiini cha habari. Katikati yake pana beseni la bluu, na juu ya beseni, kwenye bati la Povu, pana tundu. Mji wetu haunyimwi mvua, hukosi kuiona mchana wowote, kwa hiyo hatubishani kama itanyesha. Tunabishana saa ngapi. Kila mmoja anataja saa yake, na tone la kwanza likigonga beseni, hapo ndipo mvua imeanza rasmi. Aliyekosea zaidi analipia meza nzima chai ya kuvutwa, ile inayomiminwa toka kikombe cha juu hadi cha chini mpaka itoe povu. Povu, ambaye ni mtu wa swala tano, alishatueleza kuwa hiyo si kamari, ni sadaka, ila mtoaji hajijui mpaka tone lishuke.

Siku hiyo mimi mchonga funguo nilitaja saa tisa na robo, Mwalimu tisa unusu, Bima akasema kumi kamili kwa sababu ya ubishi tu. Tulikuwa tunamsubiri wa nne.

Wa nne akaingia na tai. Ni Kipara, jina la nyumbani Khaw Boon Teik, fundi wa mapaa, na beji ya kile kikundi bado inaning'inia kifuani.

"Haya, bwana harusi kaja," akasema Bima. "Mayai yalikuwa mangapi leo?"

Kipara akavuta kiti. Alikaa, akalegeza tai. "Jumatano ijayo kamati inakaa. Asiye na ushuhuda hata mmoja wa mteja aliyeridhika, kiti chake anapewa mwingine wa kazi hiyohiyo. Tiong anasubiri kiti changu. Ameshanunua tai."

"Na wewe una shuhuda ngapi?"

"Sina."

"Hata mmoja? Mtu wa mapaa, mji wa mvua?"

"Sina, bwana. Daktari wa meno amepata wateja mpaka anawafukuza. Muuza majeneza amepata. Mimi nasimama kila wiki, najieleza, wanapiga makofi, wanakula, wanaondoka." Akajipapasa mfukoni, akatoa kikaratasi cha njano. "Leo ndiyo mara ya kwanza. Daktari wa meno kanipa mteja. Kazi hii ikienda vizuri nimeokoka, na kiti ni changu."

"Alhamdulillahi," akasema Mwalimu. "Sasa mbona uso wa msibani?"

"Sijakisoma. Waliponipa walipiga makofi, nikaona haya kusoma mbele yao."

Mwalimu akakichukua, akashusha tena miwani. "'Duka la chai, kona ya soko. Paa linavuja. Muulizie mama wa kaunta.'"

Tulitazama beseni. Kisha tukatazama bati. Povu alikuwa amesimama na vikombe viwili, mkono mmoja juu, mwingine chini, anavuta chai, na chai ikapita pembeni ikaenda zake kwenye kiatu.

"Nani," akasema polepole, "amemwambia daktari wa meno habari za paa langu?"

"Mimi," akajibu Mama Mumtaj kutoka kaunta, anahesabu chenji bila kuinua macho. "Alikuwa amenishika taya. Akaniuliza, mama, kuna maumivu mengine? Nikamwambia paa."

"Mke wangu, yale si maumivu. Lile tundu ndilo mteja wangu wa kwanza. Watu wanakuja kusubiri tone, wakisubiri wanakunywa."

"Wanakunywa kikombe kimoja toka adhuhuri mpaka tone. Na tundu lenyewe limezaa, baba. Lina watoto kule jikoni, lina wajukuu juu ya friji. Kila mchana napanga masufuria sakafuni. Juzi mteja ameteleza akakalia kari ya samaki."

"Alicheka."

"Alicheka hapa. Nyumbani hakucheka, na hajarudi."

Bima akainua kidole. "Tusikimbilie mambo. Tundu likizibwa, mvua itakuwa inaanza saa ngapi?"

"Itaanza ikianza," nikasema.

"Nani atathibitisha? Mimi nitasema imeanza, wewe utasema bado, tutavunjiana viti."

"Kuna watu wa hali ya hewa," akasema Mwalimu.

"Hao wana mvua yao. Mimi nataka mvua ya meza hii."

Kipara wakati wote huo alikuwa anamtazama Mama Mumtaj. Aliposema, sauti ilitoka ndogo.

"Shemeji, lakini mimi nakaa hapa kila siku ya Mungu. Mbona hukuniambia mimi?"

Mama Mumtaj akaacha chenji. "Nitakwambia, usikasirike. Fundi wa mapaa anakunywa chai chini ya tundu, mwaka unaingia mwaka unatoka, tone likija anasogeza kikombe. Mtu kama huyo nani atampa paa lake? Mimi nilidhani wewe ndiye mtetezi wa tundu."

Niliona haya mimi niliyekuwa pembeni. Kipara alivua ile beji, akaiweka mezani kifudifudi. Mwalimu Ramani, ambaye hawezi kuona kimya bila kukijaza, akasema, "Kinyozi hajinyoi," kisha akakumbuka anamwambia nani, akajikohoza.

"Na wewe, Povu?" akauliza Kipara. "Wewe unajua kazi yangu. Tumekula wote Hari Raya, Idi yenu, tumekula wote mwaka mpya wa Kichina."

"Najua, na ndiyo sababu." Povu akavuta kiti, jambo ambalo hafanyi wakati wa kazi. "Rafiki ukimpa kazi, unampoteza mara mbili. Likivuja tena, nikufuate wapi nikugombeze? Kwenye meza hii? Utaona haya, utahamia kwa yule mama wa ng'ambo ya barabara. Nitabaki na tundu na bila Kipara. Nikaona bora tundu."

"Huo ni upendo," akasema Mwalimu.

"Huo ni wehu," akasema Bima. "Hebu sikilizeni. Neno limetoka hapa kaunta, kwenye jino la shemeji. Likaingia mkononi kwa daktari, likapanda gari mpaka hoteli ya ziwa, likala mayai, likapigiwa kengele na makofi, kisha limerudi kaunta ileile. Na Kipara amelilipia ada. Si angegeuza shingo tu?"

Tulicheka, hata Povu. Kipara hakucheka.

"Ninyi chekeni. Nikiliziba, nimeua meza yetu na mtanichukia. Nisipoliziba, Jumatano Tiong anakalia kiti changu, na kwa vile shemeji lazima apate fundi, Tiong huyohuyo atakuja kuliziba. Nitapoteza kiti na tundu."

"Tiong hapandi juu ya bati la kwangu," akasema Povu.

"Nani kasema?" akauliza mkewe, na Povu akarudi kwenye chai yake.

Hapo upepo ukapiga, vifuniko vya masufuria vikalia jikoni, barabarani kukawa giza. Siku nyingine sote tungekuwa macho kwenye beseni. Siku hiyo tuliona Kipara anapanda juu ya kiti na viatu vyake vya hotelini, anainua uso kutazama bati. Nakwambia, kwa miaka yote niliyomjua pale, sikuwahi kumwona akitazama juu.

Tone la kwanza likampata katikati ya kipara.

"Tisa na dakika ishirini," nikasema. "Bima analipa."

"Halijagonga beseni," akasema Bima. "Hilo limegonga mtu. Mtu si chombo rasmi."

"Ndugu yangu, tone ni tone."

"Leteni sheria ilipoandikwa."

Tulishikana hapo, Mwalimu akitaka tupige kura, mimi nikitaka haki yangu. Kipara alikuwa amebaki juu ya kiti, maji yanamtiririka shavuni, anagonga mbao kwa vidole.

"Tundu haliko hapa," akasema peke yake. "Liko kule mbele. Maji yanatembea na mbao, yakikuta huu msumari ndipo yanashuka." Akashuka kitini, akajifuta kwa tai. "Shemeji, kazi nimeipokea. Nipe mpaka Jumapili. Na hawa wasikanyage hapa mpaka niondoe ngazi."

Bima akamwita msaliti, tena kwa upole, jambo lililouma zaidi. Tukaondoka kila mtu na njia yake, na chai ya siku ile mpaka leo hakuna aliyeilipia.

Jumatatu tulirudi tukinyata kama watu wanaokwenda kumtazama maiti. Bati jipya kule jikoni, jipya juu ya friji, sakafu kavu, masufuria yako jikoni yanapika. Juu ya meza yetu kulikuwa na kitu kigeni. Kutoka kwenye ile mbao kulishuka kimfereji cha shaba, kifupi, mdomo wake mwembamba umeelekea katikati ya beseni.

Kipara alikuwa amekaa mahali pake, hana tai. "Semeni saa zenu," akasema.

Tukasema. Wingu likaja, radi ikapiga kule mlimani, tone likatoka kwenye shaba, likagonga beseni. Ti. Sauti safi, hata aliyekaa mlangoni aliisikia. Bima akatafuta neno la kubishia, akalikosa, akatoa pochi. Povu alikuwa anatazama lile beseni huku macho yamemlowa, akasema ni moshi wa jiko.

Jumatano Mama Mumtaj alifunga kaunta kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akavaa sari yake ya Idi, akaenda hotelini na Kipara kama mgeni wake. Sisi tulikaa mezani kusubiri, saa zetu tumeshazitaja, ila siku hiyo hatukuwa tunasubiri mvua. Waliporudi tukageuza viti kuwatazama. Mama Mumtaj akapita moja kwa moja kaunta, akafungua droo.

"Mayai yao hayana chumvi," akasema.

"Na kiti?" nikauliza.

Kipara akakaa. "Shemeji alipewa dakika yake. Akasimama, akawaambia hivi: kabla ya fundi huyu paa langu lilikuwa linavuja linapotaka lenyewe. Sasa linavuja ninapotaka mimi. Na ameniandikia dhamana, siku lisipovuja nimwite aje atengeneze."

"Wakasemaje?"

"Walipiga makofi mpaka kengele haikusikika. Mwenyekiti akasema katika maisha yake hajasikia dhamana ya namna hiyo. Kiti ni changu. Tiong alikuwa pale nje na tai yake, nikampa mkono."

Povu akapandisha kikombe juu kabisa, akavuta chai mpaka povu likafurika, akamwekea Kipara bila kuulizwa. Mwalimu akasema mganga wetu hatimaye amejiganga, na safari hii hakujikohoza.

"Na wateja?" akauliza Bima, akijifanya anasoma gazeti. "Umepata wateja, au makofi tu?"

"Watatu, hapohapo."

"Wa kuziba?"

"Mmoja wa kuziba. Wawili wana maduka ya kahawa. Wanataka tundu kama la Povu."

Tulicheka mpaka wapita njia wakageuka. Bima hakucheka. Alikunja gazeti taratibu, akasogeza kiti karibu na Kipara, akashusha sauti, ingawa sote tulikuwa tunamsikia.

"Hebu niambie, mshkaji wangu. Matundu hayo yatahitaji bima. Kiti cha bima ya matundu, huko hotelini, kina mtu?"

Kabla Kipara hajajibu, shaba ikatoa tone. Ti. Saa aliyotaja Bima ndiyo iliyokuwa mbali zaidi, akalipa.