Mshenga wa Kompyuta

Injinia, cheo alichojipa mwenyewe mbele ya kioo, alikuwa akipita tu. Ndani ya duka la uchapaji alimwona Mama Kadi, mwenye duka, akikimbiza flashi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kwa mara ya tatu. Akanyoosha tai. Riziki hiyo, imejianika.

"Dada yangu, mbio hizo mpaka lini?"

"Mpaka kadi za harusi ziishe. Mia tatu, zinachukuliwa saa kumi, na printa inaisikia kompyuta ile tu."

"Kompyuta zako hazijatambulishwa." Akatoa kijisanduku chenye taa ya kijani. "Huyu ndiye mshenga wao. Pesa sitaki, nipe ile printa ya rangi iliyo pembeni."

"Kazi kwanza, kaka."

Ukweli, ambao Injinia aliulinda kama mboni ya jicho, ni kwamba kompyuta za siku hizi huzaliwa na uwezo wa kuunganishwa. Kazi ni kuuwasha tu. Akachomeka waya, akaunganisha na kompyuta mpakato yake "ili isimamie", akabonyeza hapa na pale. Printa ikanguruma. Mama Kadi akamletea chai.

Injinia akanywa huku akiandika jambo, uso umemjaa amani. Fundi wa kufungua milango ya watu alikuwa amesahau kufunga wake.

Kwenye kioo cha kompyuta ya Mama Kadi palikuwa pametokea kompyuta ngeni, haina hata nywila. Akaifungua. Folda: *Wajinga wa Mwezi Huu*. Maduka tisa. La mwisho: *Mama wa kadi. Mbishi, lakini kanasa.* Na picha: Injinia akitabasamu, kijisanduku kimefunguliwa, ndani betri moja na taa ya mwanasesere.

Injinia alipoinama kubeba printa yake ya rangi, ikamtemea karatasi. Akajiona pichani anatabasamu.

"Hiyo ya kwanza," alisema Mama Kadi. "Hao wanane wengine wote huchapa kwangu. Niwapelekee?"

"Mama, tuzungumze."

"Kompyuta yako inabaki hapa mpaka kila mtu arudishiwe chake. Na kadi hazijakunjwa."

Injinia akavua tai, akaketi. Alipofika kadi ya arobaini, uvumilivu ukamwisha.

"Lakini umeingiaje kwenye kompyuta yangu?"

"Si umezitambulisha mwenyewe? Kunja vizuri, mshenga. Saa kumi haiko mbali."