Mniko Umemfunga, Sasa Njoo Umfungue

Kamunyonge, Musoma

Kwa Daktari uliyempasua mjukuu wangu Mniko,

Shikamoo siwezi kukupa, wewe ni mtoto kwangu, ila heshima ya kazi yako nakupa. Visu vinaendeleaje? Mimi ni Bibi Rhobi, niliyemlea Mniko tangu mama yake alipofariki. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitasema wazi. Maneno ya kuzunguka nawaachia ninyi mliosoma. Malalamiko yangu nimeyawekea namba, usije ukasema bibi anapayuka.

1. Mniko na mkewe Getruda wana mwaka wa sita bila mtoto. Kosa lilikuwa la Getruda, Kamunyonge nzima ilijua. Huyo binti nimemsema vizuri, nimemnywesha mizizi, nikafika mpaka Bunda kumwangalia msichana mwingine. Ukaja wewe na kikopo. Ukampima mwanaume! Ukasema mbegu za Mniko ni chache na zimechoka. Asante sana, mwanangu. Miaka sita ya kusema umeiua kwa kikopo kimoja, na sasa wale wa Bunda wananiuliza: kama shamba ni zima na jembe ndilo bovu, binti yao aje kulimwa na nini?

2. Ulisema mishipa ya damu ya korodani imevimba, damu inalala pale, joto lake linaharibu mbegu, na ukishika ni kama mfuko wa minyoo. Minyoo mimi naijua. Dawa yake inamezwaga. Wewe ukachukua kisu.

3. Ulipomaliza ukamkataza kubeba vitu vizito. Mwanaume anayevuta nyavu za sangara akalala ndani, Getruda anamletea uji kitandani. Wanawake wa mtaa wa Nyasho wakaja kuuliza mzazi amejifungua nini. Nikawaambia amejifungua pamba na plasta.

4. Hili ndilo limenikalisha chini kuandika. Jumapili tukitoka ibadani nilimsikia Mniko akimweleza shemeji yake Clementi kwamba ulimfunga ile mishipa iliyovimba. Ulimfunga! Mwanamke akitosheka na watoto ndiye anaendaga hospitali kufungwa. Mtu akichezewa na wachawi tunasema amefungwa. Mimi nimekuletea mtu aliyefungwa ili umfungue, wewe umemfunga mara ya pili na juu ukamshona! Halafu ukatuambia tuvumilie, inaweza kufika miezi sita au zaidi. Huu ni wa tano sasa. Tunangoja nini, fundo lioze? Hata dume la ng'ombe likishafungwa huko, hakuna anayekaa zizini kusubiri ndama.

5. Mwisho wa mwezi tunakaa kikao na wazazi wa Getruda kutoka Butiama, binti arudi kwao. Kikao nimekiitisha mimi, ndiyo, nani mwingine ana akili katika nyumba hii? Lakini Mniko, tangu umempasua, amepata mdomo. Anasema mkewe akienda Butiama na yeye anamfuata, akaishi ukweni. Mwanaume! Nimelea mtoto kwa mikono hii, nitabaki naangaliana na sufuria. Kisu kimoja, umenichukulia mke na mume.

Kwa hiyo naomba kwa adabu zote umfungue Mniko kabla ya kikao. Ukishindwa, uje kikaoni mwenyewe uwaeleze wazee ni fundi gani anafungaga mlango huku anasubiri wageni. Na hilo likikushinda, hamia kwangu uwe mjukuu. Uji utajipikia.

Wasalimie manesi wote, hasa yule mnene aliyenipa kiti. Yule aliyeniambia bibi tulia, msalimie kidogo. Mama yako mwambie alikusomesha kwa shida, nimeona.

Ni mimi mwenye hasira na heshima,
Bibi Rhobi

Nyongeza: Barua hii ilikaa wiki mbili nikitafuta wa kuileta. Hapo katikati Getruda akaanza kukimbia harufu ya dagaa, nikampeleka kliniki mwenyewe. Wamesema ni mimba. Kikao nimekivunja. Lile fundo la Mniko asiliguse mtu, hata wewe. Anayekupa barua hii ni Fredy, mdogo wake Mniko, ameoa mwaka wa nne na nyumba iko kimya. Anafikiri nimemtuma barua tu. Mfunge na yeye.