Zumari Iliyokatwa Vichwa

Jumamosi, 7 Septemba

Nimekubaliwa! Alhamisi, siku ya harusi yake, Hanadi ataingia ukumbini kwa zumari ya babu yake, na mimi ndiye nitakayeisafisha kanda. Nimemwambia aniachie kila kitu. Kaniachia. Binti ana akili kuliko baba yake.

Baba yake ni shemeji yangu Metwalli, kaka wa mke wangu Inshirah, mkodishaji wa spika za harusi hapa Zagazig. Mwaka 1994 alimrekodi baba yao, Mzee Abdel-Mawgoud, akipuliza zumari, ngoma mbili nyuma yake. Kanda ni hiyo moja tu. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Na Metwalli alirekodi huku mshale wa kipimo cha sauti umelalia kwenye nyekundu, mwanzo hadi mwisho!

Leo nimeitazama kwenye kompyuta ile nakala iliyo katika simu ya Hanadi. Sauti inatakiwa kuwa na vilele na mabonde. Hii ni tofali. Kila kilele kimekatwa kichwa, kimebaki bapa kama nyanya iliyopitiwa na kisu. Na pale mzee aliponong'ona, mashine ya Metwalli ilipandisha mnong'ono ukawa kelele sawa na kelele nyingine.

Miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa mizani na vipimo. Nimefunga maduka kwa gramu tano. Leo nimwache mtu amwibie marehemu mkwe wangu desibeli kumi na mbili?

Inshirah kauliza lini sebule itarudi kuwa sebule. Nimemwambia karibuni.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekwenda dukani kwa Metwalli kuchukua kanda yenyewe na kuazima waya wa kuunganisha deki na kompyuta. Kanda katoa. Waya kaninyima! Kasema kanda haina ugonjwa, mgonjwa ni mimi. Kasema sauti isiyokutikisa kifua si ya harusi, hiyo niipeleke msibani. Kisha, mbele ya wateja watatu, kasema tangu nistaafu nimekosa viazi vya kupima, sasa napima hewa.

Nilimwangalia tu kama nilivyokuwa nikiwaangalia wauza nyama.

Nimefika nyumbani, nimeweka maikrofoni mbele ya spika ya deki, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Nani kasema waya ni lazima?

Jumatatu, 9 Septemba

Ushindi! Kwanza nimeishusha sauti ya kanda nzima, ili juu pawe na nafasi. Huwezi kumrudishia mtu kichwa chini ya dari fupi. Kisha programu ikakadiria vilele vilivyopotea. Mara ya kwanza zumari imetoka kama mbuzi aliyefungiwa nyuma ya mlango. Mara ya tatu: mzee mwenyewe, na mate yake.

Halafu, dakika ya pili na sekunde arobaini na moja, pigo la chuma. Safi, la mbali, lenye mwangwi. Tasa ya shaba ya wapiga ngoma! Miaka thelathini lilikuwa limefukiwa chini ya ujinga wa Metwalli, na mimi nimelifukua. Nimemwita Inshirah aje ashuhudie.

Kasikiliza mara mbili, mikono ina unga. Kasema hilo si tasa, ni muuza gesi wa jana, aligonga mtungi kwa spana chini ya dirisha letu. Yeye mwenyewe aliteremka kununua. Nimesema haiwezekani. Kaniambia nisogeze mbele kidogo. Nimesogeza. Anasikika vizuri kabisa, akiita, "Gesi! Gesi, enyi watu!"

Nimerekodi upya, madirisha yamefungwa, nyuzi joto thelathini na sita. Yote haya ni kwa sababu ya waya.

Jumanne, 10 Septemba

Vichwa vimerudi. Leo nimeshughulikia mabonde.

Nakumbuka vizuri. Kwenye harusi yangu mwenyewe, mzee alipofika katikati zumari ilishuka, ngoma zikapapaswa kwa ncha za vidole, ukumbi mzima ukazuia pumzi. Kisha akalipuka! Watu waliruka. Basi hapo katikati nimeshusha desibeli ishirini na nne. Ukivaa hedifoni na kufumba macho, ni kazi isiyo na dosari.

Inshirah kakataa hedifoni, kasikiliza kwa spika. Baada ya muda kauliza sauti iko wapi. Nimemwambia asikilize. Kasema anasikiliza, na anachosikia ni jokofu.

Jirani wa chini, Umm Ramzi, kapanda kuuliza kama kuna aliyefariki. Kasema si kawaida yetu kukaa kimya hivi, ameona aje na kahawa chungu ya msibani kabisa. Wanawake hawa wawili wamecheka mlangoni robo saa nzima. Nimepima: hicho kicheko pia kinakatika vichwa.

Jumatano, 11 Septemba

Hatari kubwa. Atakayesimamia spika kesho ni Metwalli. Spika zake mwenyewe, harusi ya mwanawe, nani atamtoa? Na akifika kwenye mnong'ono, mkono wake utakwenda kwenye kitufe. Nimjuavyo mimi, atapandisha hadi mwisho, na mzee akilipuka hapatabaki spika wala kioo cha dirisha.

Nimemwambia Hanadi. Tulipoketi kula kwao mchana, yeye kamtaka baba yake aahidi. Kasema amemkosa babu yake maisha yake yote, na dakika tano hizo anataka amsikie alivyokuwa, si alivyorekodiwa. Metwalli kajibu inshallah. Naijua inshallah ya Metwalli! Ndiyo aliyonipa kuhusu waya.

Basi nikasema, taratibu, nikimenya ndizi, kwamba tusimlaumu. Mtu wa spika na kitufe ni paka na samaki, hana nguvu juu ya mkono wake.

Kawaka! Kapiga meza, mchuzi ukaruka. Kaapa kuwa mkewe Bahiga ana talaka tatu ikiwa mkono wake utagusa kitufe chochote kabla zumari haijaisha. Bahiga kaweka mwiko chini. Kamuuliza, "Wewe mwanamume, miaka ishirini na saba nakuoshea soksi, leo uniache kwa ajili ya kitufe?"

Kwa hiyo hatagusa. Nimekula vipande viwili vya bata.

Alhamisi, 12 Septemba, asubuhi

Suti imebana. Flashi ipo mfuko wa ndani. Nimeikagua mara nne. Metwalli hajanisalimu kwa simu. Vizuri.

Ijumaa, 13 Septemba

Naandika nikiwa nimetulia. Watu wa mji huu hawastahili kitu.

Maelezo kamili: Wageni mia nne. Hanadi juu ya ngazi, mkono kwa bwana harusi, Muamin, kijana mpole anayefanya kazi kiwanda cha chumvi. Zumari ikaanza. Vilele vyote mahali pake! Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamtazama Metwalli, akatazama pembeni.

Dakika ya tatu, mnong'ono. Maharusi wako katikati ya ngazi. Mimi nasikia kila kitu, nimesimama sentimita sitini kutoka kwenye spika. Meza ya kwanza wanaulizana kama umeme umekatika. Bibi mmoja kasema amina, akidhani ni dua.

Sasa, mkuu wa wahudumu alikuwa ameambiwa kitu kimoja tu: zumari ikinyamaza, afungue bufee. Akainua kichwa. Akasikiliza. Akafunua masinia.

Mia nne wakageuka kama mtu mmoja! Viti vilianguka. Nimeona hakimu mstaafu akiruka kiti cha mtoto. Nikapiga kelele: sikilizeni, hajamaliza, sikilizeni! Mtu akaniambia, "Pisha, mzee, kuna kondoo."

Na Metwalli? Kasimama mbele ya mashine yake, mikono miwili juu ya kichwa kama aliyekamatwa na polisi. Bahiga kamkumbatia kwa nyuma, analia na kupiga kelele asiguse, asithubutu, ana watoto wanne. Naye Metwalli anajibu kwa sauti kwamba hagusi, mwanamke, hagusi, hakuna anayegusa! Watu wa upande wa bwana harusi walidhani wanapigana.

Kisha mzee akalipuka.

Alilipuka kwa desibeli ishirini na nne zote, kwa vichwa vyake vyote. Sinia la wali lilikwenda juu likarudi bila wali. Hakimu aliingia chini ya meza. Watoto wote walilia kwa pamoja. Halafu kanda ikaisha, na kwenye ngazi wamesimama watu wawili tu, Muamin anapiga makofi kwa adabu.

Hanadi kaniambia kutoka pale pale, bila kupandisha sauti, "Ami Wagdi, nimeshuka ngazi zote hizi natazama migongo ya watu."

Nimemjibu kwamba migongo ni suala la malezi, si la sauti. Kavua viatu, kashika gauni, kapanda tena hadi juu, Muamin nyuma yake. Kamuuliza baba yake kama zumari imeisha. Imeisha. Na kiapo kimeisha? Kimeisha. Basi aweke ile nakala ya kwenye simu ya Hanadi.

Metwalli akashusha mikono. Vitufe vyote hadi mwisho. Tofali lenyewe! Nguzo zilitetemeka. Na wale wale walionipa migongo wakarudi mbio, sahani mkononi, wakicheza. Hakimu alicheza na paja la kondoo. Hanadi alishuka pekupeku akicheka na kulia, akiniacha mimi nyuma ya nguzo, vidole masikioni. Inshirah alicheza hadi kitambaa chake kikaanguka. Inshirah!

Njia nzima kurudi nyumbani hakuna aliyesema nami. Isipokuwa Umm Ramzi, aliyesema kondoo alikuwa mzuri.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepata video kwa mpiga picha na nimeipima. Wakati wa mnong'ono, kabla ya masinia kufunuliwa, kijiko kilichogusa sahani mwisho wa ukumbi kinasikika wazi. Kijiko! Ukumbi ulikuwa mtulivu kuliko nilivyothubutu kutumaini. Kwa hiyo vipimo vyangu vilikuwa sahihi, na wahudumu ndio waliokosea.

Hata hivyo mimi ni mtu wa haki, na kosa moja nalikiri. Desibeli ishirini na nne zilikuwa chache. Mnong'ono wa nusu nusu ndio unaowafanya watu wadhani muziki umekwisha. Ukiwa mnong'ono kamili wangeogopa hata kumeza mate.

Adhuhuri tunawapelekea maharusi chakula nyumbani kwao. Inshirah kanionya nisitaje zumari, wala kanda, wala babu wa mtu yeyote. Sitataja. Nimeshusha mnong'ono hadi desibeli thelathini na sita, na flashi iko ndani ya kasha la biskuti, safu ya pili, chini ya karatasi.